Mfuniko Uliovuja

Jumamosi, 15 Machi

Daftari hili nimelinunua Khayega leo kwa ajili ya pombe. Miaka ishirini na sita nilikuwa fundi wa maabara katika sekondari, na sikuwahi kuacha jaribio lipite bila kuandikwa. Nilistaafu Desemba. Sasa jaribio ni la kwangu mwenyewe: kupika bia ya shayiri, ya kunywewa siku wakwe wa binti yangu Ashley watakapokuja kutoka Likuyani kuleta mahari. Siku hiyo ni tarehe 14 Juni. Nimeshajisifu kila mahali kwamba wageni wangu hawatakunywa bia ya dukani.

Osiako, jirani yangu aliyekuwa mwalimu wa kemia, ameniletea kimea na hamira kutoka Nairobi, pamoja na kidude cha plastiki kinachoitwa ealoki. Ni mrija uliopinda. Unautia maji nusu, unauchomeka kwenye tundu la mfuniko. Hewa ya pombe inapenya kwenye maji yale na kutoka kwa mapovu, lakini hewa ya nje haiingii. Ndoo ya lita ishirini nimeinunua sokoni. Tundu nimelitoboa mwenyewe kwa msumari wa moto.

Dada yangu Phoebe alisimama mlangoni mwa jikoni akiniangalia.

“Hiyo ndoo utaiweka wapi?”

“Stoo.”

Stoo imepakana na chumba chake. Akauliza: “Hakuna pengine?”

“Stoo ndiko kuna baridi. Haya mambo ni ya sayansi, dada. Si kama ile busaa yako.”

Akarudi kwenye mboga zake.

Jumapili, 16 Machi

Nimepika. Ndoo na mfuniko nimevimwagia maji yanayochemka mara tatu ili kuua vijidudu. Saa kumi jioni nilitia hamira, nikafunga, nikachomeka ealoki. Phoebe alikuwa kanisani mpaka jioni.

Jumatatu, 17 Machi

Mapovu! Manne kwa dakika. Nimekaa juu ya gunia la mahindi nikiyahesabu kama mtoto.

Jumanne, 18 Machi

Mvua ya mawe saa tisa. Mapovu: moja kwa dakika.

Jumatano, 19 Machi

Hakuna.

Alhamisi, 20 Machi

Hakuna. Nimeongeza maji kwenye ealoki. Nimeizungusha. Nimeipuliza. Maji yametulia kama ya kisimani.

Siku za Alhamisi akina mama wa kanisa huja kuomba sebuleni kwetu, na Phoebe ndiye kiongozi wao wa maombi. Anayemjua wa zamani hawezi kuamini. Alipika busaa, ile pombe ya kienyeji, miaka ishirini na miwili, na alikuwa mnywaji pia, mnywaji wa kuokotwa njiani. Miaka tisa iliyopita aliokoka. Alivunja vyungu vyake vyote kwa jembe, mchana, watu wakitazama. Mke wangu Dorothy alipofariki, Phoebe, ambaye naye ni mjane, alihamia hapa kunipikia. Hiyo sasa ni miaka sita.

Walipoondoka nilimuuliza, “Uligusa ndoo yangu?”

“Sijagusa.”

Jumamosi, 22 Machi

Nimefungua. Juu kulikuwa na utando wa kahawia umeganda kuzunguka ndoo, na harufu kali. Imeoza. Nimemwaga yote kwenye migomba. Lita ishirini.

Jogoo wa Osiako alikunywa kwenye kidimbwi, akalala chini ya mgomba mpaka jioni. Osiako alicheka akashika mbavu. Mimi sikucheka.

Jumapili, 30 Machi

Ndoo ya pili. Maji ya moto mara nne, si tatu. Sitaki mchezo.

Jumatano, 2 Aprili

Ealoki imenyamaza tena. Siku ya tatu, kama ile ya kwanza.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimefikiri sana. Pombe haichachi ikiwa mtu anaifunua kila mara. Mfuniko niliukuta umeinuka kidogo upande mmoja, upande wa chumba cha Phoebe. Na Phoebe tangu juzi hataki kuniangalia usoni. Asubuhi hapiti tena kibarazani kama zamani, ananyata nyuma ya nyumba, anarudi na matope hadi kwenye vifundo vya miguu. Mtu asiye na neno anapita mbele.

Nimebandika ukanda wa karatasi ya gundi, nusu juu ya mfuniko, nusu kwenye ndoo. Sikumwambia mtu.

Jumatatu, 7 Aprili

Ukanda uko sawa. Mvua.

Alhamisi, 10 Aprili

Naandika jinsi lilivyotokea.

Saa nane nilikwenda stoo nikakuta ukanda umebanduka upande mmoja na kukatika. Akina mama walikuwa wameshafika, nilisikia wakiimba. Nilipaswa kungoja. Kungoja hakungenigharimu chochote. Lakini niliingia sebuleni na kile kikaratasi mkononi, wimbo haujaisha.

“Dada, hii imekatika. Ulifungua ndoo yangu?”

Wimbo ulikufa sauti moja baada ya nyingine.

“Sijafungua,” Phoebe alisema.

“Hii ni mara ya pili. Sema tu. Kupika uliacha, lakini kuonja hukuacha.”

Walikuwa kumi na mmoja. Mama Roda, mwenyekiti wao, alifunga Biblia taratibu akiwa ameacha kidole katikati ya kurasa. Phoebe aliitazama mikono yake, akaigeuza, kama mtu anayetafuta doa.

“Barnaba, mimi sijaingia stoo tangu Machi.”

“Basi imejifungua yenyewe?”

Mmoja alicheka puani. Nilijisikia nimeshinda. Ni lazima niliandike hilo: nilijisikia nimeshinda.

Waliondoka mapema, chai haijanywewa. Phoebe aliosha vikombe vyote kumi na viwili, akanipikia obusuma, ugali wetu, na mrenda, akaniwekea mezani, akaingia chumbani kwake. Nilikula nikamaliza.

Jumapili, 13 Aprili

Nimesikia kwa Osiako, naye kasikia kwa mkewe: Phoebe ameambiwa “apumzike kidogo” katika uongozi wa maombi mpaka mambo yatulie. Leo alikaa kanisani benchi la nyuma, karibu na mlango, mahali wanapokaa watu waliochelewa.

Jumanne, 15 Aprili

Ameondoka. Anakwenda Matungu kwa binti yake Sellah. “Namsaidia kupalilia,” alisema. Alibeba mfuko mmoja na Biblia. Nilimwitia bodaboda. Hakuna aliyeitaja ndoo.

Ndoo ya pili nimeimwaga.

Jumatano, 16 Aprili

Aliniachia maharage kwenye sufuria kubwa. Ya siku tatu.

Jumamosi, 19 Aprili

Maharage yamekwisha.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Nilikula mkate na chai. Ashley alipiga simu kutoka Nairobi akaomba kuongea na senje yake, yaani shangazi yake, Phoebe. Nikasema ametoka kidogo.

Ijumaa, 25 Aprili

Mvua tangu saa saba. Nimekutana na Mama Roda sokoni. “Mwalimu, pole kwa yaliyokupata nyumbani,” aliniambia; wengi huniita hivyo tangu nilipokuwa maabara. Kunipa pole mimi! Niliipokea pole hiyo na kushukuru.

Jumapili, 4 Mei

Ndoo ya tatu, kimea cha mwisho. Sasa nyumba ni tulivu, hakuna wa kunichezea. Stoo nimeifunga kwa kufuli na ufunguo uko mfukoni.

Jumatatu, 5 Mei

Mapovu matatu kwa dakika.

Jumatano, 7 Mei

Ealoki imenyamaza.

Nimeandika maneno hayo mawili, kisha nimekaa muda mrefu nikiyatazama. Kufuli ilikuwa imefungwa. Ufunguo ulikuwa mfukoni. Ndani ya nyumba hii hakuna mtu ila mimi.

Alhamisi, 8 Mei

Leo nimefanya nilichopaswa kufanya Machi.

Kwanza nilibonyeza mfuniko kwa viganja viwili. Ungekuwa umeziba vizuri, maji ya ealoki yangepanda upande mmoja. Hayakusogea. Kisha nilichukua sabuni ya unga, nikaikoroga na maji, nikapaka povu kuzunguka ukingo wote wa mfuniko kwa brashi ya kunyolea. Nikasubiri. Upande wa chumba cha Phoebe povu lilianza kuvimba, likatoa kifuko kimoja, kingine, kingine, mpaka likawa kama mayai ya chura. Upande wa pili hivyo hivyo. Na kando ya tundu nililotoboa kwa msumari vilitoka vidogo vidogo, mfululizo, kama vinanicheka.

Nilivua mfuniko nikauweka kifudifudi juu ya meza. Unayumba. Umepinda. Mpira wake wa ndani umetoka kwenye mfereji wake sehemu mbili. Ni yale maji ya moto. Plastiki ya sokoni haihimili maji yanayochemka, na mimi niliyamwaga mara tatu, kisha mara nne, kisha Jumapili iliyopita tena mara nne. Hakuna aliyeufungua mfuniko ila mimi, kwa usafi wangu.

Hewa haikuwahi kupita kwenye ealoki. Ilipata njia fupi, ikatokea pembeni. Pombe ilikuwa ikichacha muda wote.

Nilikwenda kwenye droo nikatoa haidromita, kile kipimo cha kioo cha kujua sukari iliyobaki katika maji, ambacho wanafunzi walinizawadia siku ya kustaafu. Ilikuwa bado ndani ya boksi lake. Nikaitumbukiza. Ilizama chini sana: zaidi ya nusu ya sukari imekwisha kuwa pombe. Ndoo hii ni nzima. Hata zile mbili nilizomwaga zilikuwa nzima; ule utando ulikuwa povu la hamira lililokauka. Jogoo alijua. Jogoo wa Osiako alikunywa akalewa, nikamtazama akilala, na bado nikaandika hapa juu kwamba imeoza.

Watoto wangapi niliwaambia kwenye maabara ile: pima kwanza, sema baadaye? Mimi nilimpima dada yangu kwa matope ya miguuni.

Ijumaa, 9 Mei

Nimebandika ukanda mpya wa gundi kwenye mfuniko uleule ili nione. Nilipoamka ulikuwa umebanduka. Hewa inauinua mfuniko, unyevu unalainisha gundi. Ni hivyo tu.

Jumamosi, 10 Mei

Nimenunua mfuniko mpya, nikauosha kwa maji vuguvugu. Tundu nimelilainisha kwa tupa, nikakata mpira wa tyubu ya baiskeli, nikauvisha shingoni mwa ealoki. Ukingo nimeupaka mafuta kidogo ya kupikia. Mapovu yamerudi saa hiyo hiyo. Yanasikika mpaka jikoni. Sijafurahi.

Jumanne, 13 Mei

Nilianza kumwandikia Phoebe ujumbe kwa simu. “Dada habari. Nimegundua mfuniko ulikuwa na kasoro.” Nikafuta. Kasoro ilikuwa ya mfuniko?

Ijumaa, 16 Mei

Nilimtuma kijana wa bodaboda ampelekee sukari kilo nne na majani ya chai. Alirudi na sukari. “Amesema asante, wako nayo.”

Jumatatu, 19 Mei

Siku kumi na moja tangu nijue. Mke wa Osiako kanisalimia: “Phoebe bado yuko kule? Mungu amsaidie ashinde.” Nilikuwa na jibu mdomoni. Nikasema, “Amina.”

Naona haya hata kuliandika neno hilo.

Alhamisi, 22 Mei

Ashley ameniuliza waziwazi. Sellah kamweleza kila kitu. 

“Baba, nani atasimama na mimi siku hiyo? Senje ndiye anaongeanga kwa niaba ya msichana. Wewe unajua.”

“Tunaweza kumwomba mama mwingine wa ukoo.”

“Bila senje sitoki chumbani. Wakwe watarudi Likuyani na ng’ombe wao.”

Jumamosi, 24 Mei

Nimekwenda Matungu. Naandika kabla sijala.

Nyumba ya Sellah iko katikati ya miwa, huioni mpaka uifikie. Sellah alikuwa uani. Alinipa mkono na kusema, “Mulembe, mjomba,” lakini hakunikaribisha ndani. Alinionyesha nyuma ya nyumba kwa kidevu. Phoebe alikuwa ameketi kwenye mkeka akichambua maharage, mbuzi kafungwa karibu naye. Amekonda. Nilibaki nimesimama, na hakuniambia nikae.

“Dada, nimekuja kukwambia kwamba mfuniko ulikuwa unavuja. Hakuna aliyeufungua.”

“Najua.”

“Umejuaje?”

Aliokota jiwe dogo kwenye maharage akalitupa. “Barnaba, nimepika miaka ishirini na miwili. Pombe iliyofungwa vizuri hainuki hivyo. Yako ilikuwa inanuka mpaka kitandani kwangu. Siku ya pili tu nilijua haijaziba.”

“Mbona hukuniambia?”

“Ningekwambia nimejuaje? Ungesema nimekwenda kunusa. Na ulishaniambia ni sayansi.”

Nilifikiri amemaliza, kwa sababu aliendelea kuchambua kwa muda. Kisha akasema bila kuinua macho:

“Ile harufu ilikuwa inaniita kwa jina. Unajua wewe? Miaka tisa sijasikia pombe ikichacha karibu yangu, halafu unaniletea ndani ya nyumba, ukuta mmoja na kitanda. Nililala na kitambaa puani. Asubuhi nilikuwa nazunguka nyuma, kwenye matope, nisipite mlango wa stoo. Nilikuwa nashinda, Barnaba. Kila siku nilikuwa nashinda. Halafu ukaingia sebuleni ukawaambia watu nimeshindwa.”

Matope. Nilikuwa nimeyaandika matope yale katika daftari hili kama ushahidi.

Nilipiga magoti kwenye maganda ya maharage. “Nisamehe, dada.”

“Nimekusamehe. Nilikusamehe kabla sijapanda ile bodaboda, maana singelala.” Hapo ndipo aliponitazama. “Lakini uliniaibisha mbele ya watu kumi na mmoja, mchana. Msamaha unakuja kuniomba mbele ya mbuzi?”

Nilirudi Khayega njia nzima nikiwa nimeinamisha kichwa.

Jumatano, 28 Mei

Kesho akina mama wanakutana kwa Mama Roda. Nimemwambia Osiako nitakwenda. “Utawaambia akina mama wa kanisa kwamba unapika pombe?” aliuliza. “Watakufuta hata kwenye orodha ya Krismasi.” Alikuwa anatania, kisha akaona uso wangu, akasema atanisaidia kubeba ndoo.

Alhamisi, 29 Mei

Walikuwa tisa leo. Nilibisha hodi na ndoo nyingine tupu ya aina ileile mkononi, ule mfuniko wangu wa zamani juu yake, sabuni kwenye kikombe.

“Bwana asifiwe, Mwalimu,” alisema Mama Roda. “Kuna nini?”

“Kuna jambo nililisema mbele yenu. Nimekuja kulitoa mbele yenu.”

Niliweka ndoo sakafuni. Osiako ndiye aliyepaka povu. Nilichomeka mrija wa mpira kwenye tundu, nikaweka mdomo, nikapuliza. Povu likavimba pembeni, upande huu na upande ule, vifuko vikubwa, vikapasuka. Mzee mwenye mvi, magotini, anapuliza ndoo katikati ya sebule ya watu. Mama mmoja alicheka, wengine wakafuata. Nikapuliza tena, ili kila mmoja aone.

“Mtu aliyefungua pombe yangu ni mfuniko huu,” nikasema. “Mimi niliupinda kwa maji ya moto. Dada yangu hakugusa. Nilimsingizia mbele yenu, siku ya kumi Aprili, na nimejua ukweli tangu siku ya nane Mei. Siku ishirini na moja nimekuwa nikipokea pole zenu nikiwa nimejua.”

Kicheko kilikwisha. Nilidhani kigumu kimepita.

Mama Roda aliuliza, “Kwa hivyo, Mwalimu, pombe ililetwa na nani katika nyumba anayolala mtu aliyetoka kwenye pombe?”

“Na mimi.”

“Ulimuuliza?”

“Aliniuliza yeye kama hakuna pengine pa kuiweka. Nilimwambia hakuna.”

“Na palikuwepo?”

Nilifikiria nyumba yangu yote, banda la kuni, nyumba ya Osiako hatua hamsini. “Palikuwepo.”

Nilingoja anifukuze, na ingekuwa nafuu. Badala yake alikaa chini, akavuta kitambaa chake cha kichwa mpaka usoni. “Hata sisi hatukumuuliza,” alisema. “Tulimpumzisha Jumapili bila kumuuliza neno moja. Mimi mwenyewe nilimwonyesha lile benchi la nyuma.”

Osiako alibeba ndoo. Nilisahau sabuni kule.

Jumamosi, 31 Mei

Bia imeiva. Nimeihamishia yote kwa Osiako, nikapiga deki stoo mara mbili na kuacha madirisha wazi. Anasema ni nzuri sana, haina kasoro. Nilitamani iwe mbaya.

Alhamisi, 5 Juni

Nimesikia Mama Roda na wenzake wanne walikwenda Matungu. Hakuna aliyeniambia walichoongea, na sina haki ya kuuliza.

Jumatatu, 9 Juni

Ujumbe kutoka kwa Phoebe, wa kwanza. “Nitakuja tarehe 14 kwa ajili ya Ashley. Nitalala Matungu.”

Alhamisi, 12 Juni

Mvua imepungua. Nimepaka chokaa chumba chake, ingawa amesema halali.

Jumapili, 15 Juni

Jana imepita. Nitaandika kidogo tu.

Phoebe alifika saa tatu asubuhi na Sellah, na akina mama wa kanisa walikuwa wamejipanga langoni wakimngoja kwa wimbo. Aliwasalimia mmoja mmoja. Mama Roda alimshika mikono yote miwili, wakaongea kwa sauti ya chini, na nikaona Phoebe akitikisa kichwa. Sellah alinieleza baadaye: walimwomba arudi kuongoza maombi, naye akasema watafute mwingine, atakuja kama mshiriki tu, Jumapili atakayopata nafasi. Matungu nako kuna kanisa.

Ashley alipomwona alikimbia na rola za nywele kichwani, mtu mzima wa miaka ishirini na saba. Walijifungia chumbani.

Wakwe walikuwa kumi na wanne. Msemaji wao alikuwa shangazi wa bwana harusi, mama mmoja mrefu anayeitwa Jepkemboi, mwenye mdomo mtamu. Kwetu alisimama Phoebe. Sijawahi kumwona hivyo. Aliuliza maswali, akakataa majibu mawili, akawachekesha wageni mpaka Jepkemboi akasema, “Mama huyu tukimpa ng’ombe wote bado atatushinda.” Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni nikifikiria kwamba huyu ndiye mtu niliyemwacha akazunguka kwenye matope ili kunipikia mimi.

Tulikunywa chai na soda. Mjomba mmoja wa Sydney, yule bwana harusi, aliuliza kwa sauti, “Mwalimu, tulisikia kuna bia ya maabara. Iko wapi?”

Kila mtu wa Khayega alitazama chini. Nikasimama. “Niliipika kwa kiburi, bwana, na niliiweka mahali pabaya. Kunywa soda.” Nikakaa.

Kuku mmoja nilikuwa nimemchinja na kumpika mwenyewe, nje, kwenye mafiga matatu, akina mama wakinitazama kama kioja. Tangu nizaliwe sijawahi kumpika ingokho. Nilimpelekea Phoebe kwenye sahani yake, mapaja na firigisi, nikamnawisha mikono. Alikula. Alipomaliza alinishukuru kwa chakula kwa maneno kamili, kama mgeni mwenye adabu anavyomshukuru mtu asiyemjua sana, na nikaelewa nimepoteza nini.

Jioni nilimsindikiza mpaka barabarani, Sellah akitangulia na mfuko. Chumba chenye chokaa hakukitazama, nami sikukitaja. Nilitaka kumwambia arudi nikajizuia. Aliyevuka matope kiasi kile asiombwe arudi nyuma.

Pikipiki ilikuwa imeshawashwa. Alinipa mkono. Akapanda nyuma ya dereva, akapanga leso yake magotini, kisha akanigeukia uso umekunjamana kama zamani tulipokuwa watoto na mimi nimeharibu kitu.

“Barnaba.”

“Naam, dada.”

“Kuku alikosa chumvi. Na firigisi hukuisafisha, nimetafuna mchanga. Jumamosi nikipata nafasi nitapita nikuonyeshe.”